Verlene Tolliver na Bwawa Lililofukiwa

Ndugu waombolezaji, majirani na waumini wa kanisa letu, kwa niaba ya familia nimesimama kuwaelezeni safari ya mpendwa wetu Verlene Tolliver, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Harlow Creek, jimbo la Alabama, mtoto wa kwanza wa Bw. Amos na Bi. Arzelia Gaines, akifuatiwa na mdogo wake mmoja tu, Lonnie.

Alianza masomo mwaka 1957 katika shule ya watoto weusi, na mwezi Julai 1963 Lonnie akazama mtoni akiwa na miaka kumi, ikawa nyumbani inasemwa kwamba ni utundu wake uliomponza, na mama yao akapiga marufuku maji yote yanayozidi beseni, naye Verlene akakua akiamini kwamba watu weusi hawakuumbiwa maji.

Mwaka 1972 alihitimu uuguzi mjini Montgomery, akarudi kufanya kazi ya ukunga katika hospitali yetu, na tarehe 14 Juni 1975 akafunga ndoa na Bw. Roscoe Tolliver, fundi wa mapaa, wakajaliwa Denise na Curtis, ambao nao hawakujua kuogelea.

Aprili 1994 mvua kubwa ilimomonyoa udongo katika bustani ya mji, na chini ya nyasi ukachomoza ukingo wa vigae vya buluu, uking'aa kana kwamba mbingu imelala pale chini, Verlene akainama akaugusa taratibu, kama mtu anayegusa uso wa aliyelala, na jirani yake, Bi. Eula Crenshaw, akashangaa.

"We Verlene, kwani hukujua? Hili lilikuwa bwawa la kuogelea la wazungu. Mahakama ilipoamuru na sisi tuingie, wakubwa wa mji wakaleta malori ya udongo. Waliona heri wakose wote kuliko kuoga na sisi."

"Mwaka gani huo?"

"Sitini na mbili. Kiangazi kilichofuata ndipo Lonnie wenu akaenda mtoni."

Tangu siku hiyo aliota ndoto ileile, maji yenye mwanga chini ya nyasi, Lonnie akiogelea polepole huku na huku, mapovu yake yakipanda katikati ya mizizi, na kila alipoamka aliuliza zaidi, akasoma, akaelewa kwamba mji wetu haukuwa peke yake kufukia bwawa, na kwamba woga alioudhani wa damu ulikuwa wa kurithishwa, kwa maana wazazi waliokosa pa kujifunzia hawakuwafunza watoto, na watoto hawakuwafunza wajukuu, huku wazungu wakijichimbia mabwawa yao nyuma ya uzio, na hadi leo watoto wanaoletwa hospitalini kwa kuzama ni wetu zaidi kuliko wa wengine.

Akaenda kujifunza kuogelea katika bwawa la ndani la mji wa jirani, mtu mzima na miwani yake, Curtis akamcheka, "Mama, unaogelea au unapigana?" naye akamjibu, "Cheka tu, wajukuu zangu hawatazama," na kuanzia mwaka 1997 akawa anawafunza watoto hapo kila Jumamosi bila malipo.

Agosti 2008 mama yake, akiwa na miaka themanini na miwili, alikuja kutazama darasa, akavua viatu na kusema, "Niingizeni," Verlene akampokea kwa mikono miwili chini ya mgongo, akamlaza juu ya maji, nywele nyeupe zikatandazika, macho yakiangalia mwanga unaocheza darini, na bibi yule akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu hakuwa mtundu. Alikuwa anasikia joto tu."

Mwaka 2021 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa Birmingham, na alfajiri ya tarehe 11 Februari mwaka huu akatutoka nyumbani kwake, Denise akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotupikia, na wakunga wenzake waliokesha nasi. Darasa lake litaendelea Jumamosi ijayo, chini ya Denise, katika mji uleule wa jirani, kwa kuwa mji wetu bado hauna bwawa.

Pumzika kwa amani, Verlene, na Mungu akupokee kama ulivyompokea mama yako.