Gamaliel Rugaibula na Sinema ya Kahawa Isiyouzwa

Tarehe 30 Juni 1976, Mzee Gamaliel Rugaibula wa Kitendaguro atastaafu baada ya kulitumikia gari la sinema la Ushirika wetu wa Tulime kwa miaka ishirini na mitano. Alianza akiwa fundi wa jenereta. Kamera aliishika mwaka wa Uhuru, mpiga picha wa zamani alipohama, na tangu hapo hajaiweka chini, hata kanisani.

Wengine hupiga sinema za harusi na gwaride. Mzee Gamaliel alitaka kujua kitu hupataje thamani. Mwaka 1966, shilingi mpya ya Tanzania ilipotoka, aliipaka moja rangi nyekundu, akaifuata kwa kamera sokoni Bukoba aone itapita mikononi mwa nani. Ilifika kwa Uledi, muuza samaki, ikakwama. Uledi alikataa kuitoa kwa sababu "imeshapigwa picha". Kabla soko halijafungwa, mtu wa mtaa wa Bilele alimpa shilingi mbili ili aipate. Sinema ikaishia hapo, nasi tulicheka hadi tukashindwa kufunga milango ya gari.

Halmashauri ya Ushirika haikucheka. Mwenyekiti, Mzee Kagaruki, alitamka wazi: sinema itakayofuata iwafundishe wakulima matumizi ya fedha mpya; la sivyo gari litauzwa na Mzee Gamaliel atarudi shambani. Filamu iliyobaki ilitosha sinema moja tu.

Alikwenda Kanazi, nyumbani kwa Bi Clotilda, mkulima wa kahawa. Mpango ulikuwa rahisi. Dereva wetu Datius aigize mgeni kutoka mjini. Bi Clotilda amkaribishe kwa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi. Mgeni alipe, mama apokee. Bi Clotilda aliyakubali yote. Kamera ilipoanza kupiga picha, Datius akatoa noti, na mama akausukuma mkono wake.

"Datius, mwanangu, umekuja kwangu au umekuja dukani?"

Alikumbushwa kwamba ni mchezo. Akasema anajua. Datius akatoa noti tena, akaongezewa kahawa. Alipojaribu kuiacha noti juu ya kigoda, mama alimkimbiza migombani, akamtumbukizia mfukoni. "Na wewe mwenye mashine," akamwambia Mzee Gamaliel, "zima hiyo, njoo ule ndizi." Filamu ikawa imekwisha.

Hakuwa na kingine cha kuonyesha. Shuka jeupe likatundikwa Muleba, Mzee Kagaruki akaketi mbele kabisa, na Mzee Gamaliel akasimulia kwa kipaza sauti, maana sinema yenyewe haikuwa na sauti, akiyasema maneno ya mama kama yalivyotoka. Uwanja ulilipuka. Wanawake walimzomea Datius wa kwenye shuka, kisha wakamgeukia Datius wa kwenye jenereta: "Huna aibu? Kumlipa mama yako!" Mwenyekiti alicheka hadi kofia ikaanguka, akaamuru irudiwe. Iliporudiwa, mama mmoja akasimama.

"Waitu, Mwenyekiti wetu, kumbe kahawa yetu ina heshima namna hii! Mbona mkiipima ghalani mnainunua kama maganda?"

Mwenyekiti akaacha kucheka. Tuliokuwa karibu tulidhani gari limeuzwa papo hapo. Aliokota kofia, akaipangusa, akaivaa, akatoa hukumu: gari libaki, sinema ionyeshwe kila kijiji, ila isionyeshwe siku ya mkutano wa bei ya kahawa. Imeonyeshwa tangu wakati huo hadi katika vijiji vya ujamaa vilivyo mbali kabisa na barabara. Sehemu ya mwisho ya hukumu Mzee Gamaliel amekuwa akiisahau mara kwa mara, na kila alipoisahau, mkutano ulichangamka.

Mzee Gamaliel, Bi Clotilda angaliipokea ile noti, gari lingaliuzwa, na leo pasingalikuwa na wenzako wa kukuaga. Tunakushukuru kwa kuiacha kamera iendelee kupiga picha. Nenda nyumbani na afya yako, waitu. Migomba ikuzalie, wajukuu wakuchoshe, na mlango wako usikose wageni.