Mwoka Mikate Aliyekula Bila Njaa

Mama yetu mpendwa, ambaye wateja walimwita Bibi Tanuri, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa nne wa fundi viatu.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mwalimu wa hesabu alimwambia hatafika mbali. Alifika ng'ambo ya barabara tu, kwenye duka la mikate, na hakutoka hapo mpaka likawa lake.

Mwaka 1980 tanuri liliharibika. Fundi umeme alitumia siku tatu kwa kazi ya saa moja. Mama akamuuliza: "Kaka, unatengeneza tanuri au unanitazama mimi?" Walifunga ndoa tarehe 2 Agosti mwaka huohuo.

Mwaka 2012 alikutwa na saratani, na tarehe 6 Juni mfuko wote wa tumbo ukaondolewa. Daktari alimweleza: "Mama, homoni inayopeleka habari za njaa kwenye ubongo ilitengenezwa zaidi kwenye mfuko tulioutoa. Zile za shibe zinatoka kwenye utumbo, na sasa zitawahi mno. Vijiko vitano tu, utajiona umeshiba."

"Kwa hiyo njaa haitaniuma tena?"

"Huenda isikuume."

"Basi nitaiuma mimi."

Sukari ya dukani aliyoishi nayo ikamgeuka; kipande cha keki kilimtoa jasho na kumlaza chali. Ulimi ulipoanza kumdanganya, mkate akaupima kwa pua na vidole. Alipungua kilo ishirini na mbili. Akanunua saa ya kengele, akala mara saba kwa siku, bila hamu, akitafuna kama anayelipa kisasi. Watu wakasema anaringa. Harusini, wifi yake alimsukumia sahani: "Chakula chetu hukitaki?"

"Wifi, wewe unaitwa na tumbo, mimi naitwa na kengele. Kula tunakula sote."

Daktari alikuwa ametaja miaka miwili ya kuishi. Mama alimpelekea mkate kila Juni, miaka kumi na mmoja.

Ugonjwa ulirudi Agosti mwaka huu, kwenye ini. Tulipomsihi asijilazimishe kula, alitukemea: "Nimekula bila njaa, nitashindwa kula bila nguvu?" Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 19 Oktoba 2023, saa tisa na robo alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba. Uji wa saa nane alikuwa ameumaliza.

Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu saba. Duka halikufungwa leo; aliagiza hivyo. Asiwepo wa kusema alishindwa. Apumzike kwa amani, kama mtu aliyemaliza zamu yake.