Mashudu ya Bwana Hamdun

HAMDUN: Haloo, haloo. Hapa ni kinuni kwa Hamdun, Kisauni. Nani mwenzangu?

ELKANA: Ni mimi, mzee. Elkana wa Mwakirunge. Shikamoo.

HAMDUN: Marahaba, Elkana. Mbona sauti yatoka kama uko ndani ya kisima?

ELKANA: Niko kwa kibanda cha simu huku Changamwe, nje ya posta. Laini inakwaruza sana. Mama Zubeida hajambo?

HAMDUN: Hajambo, alhamdulillahi. Na Nduku wako? Na... ng'ombe?

ELKANA: Nduku mzima. Ng'ombe pia. Mzee, ni hao ng'ombe ndio –

HAMDUN: Mashudu yako tayari. Nazi za safari hii zimekamuliwa hadi zimebaki kavu kama unga. Lori lije magharibi, watu wakiwa msikitini, lipitie mlango wa nyuma.

ELKANA: Si mashudu, mzee. Kwanza keti.

HAMDUN: Nimeketi.

ELKANA: Umeketi kweli?

HAMDUN: [anavuta kiti] Sasa nimeketi. Sema.

ELKANA: Unakumbuka bwana shamba alinitaka nipeleke wanyama kwa maonyesho ya kilimo?

HAMDUN: Nakumbuka. Nikakwambia wapeleke, ng'ombe ni mnyama wa heshima.

ELKANA: Nimewapeleka leo. Wamepata zawadi ya kwanza.

HAMDUN: Mashallah. Wamewashinda ng'ombe wote?

ELKANA: Wameshinda... wenzao wa namna yao, mzee.

HAMDUN: Nimefahamu. Endelea, wala usifafanue.

ELKANA: Yule mzungu aliyeniuzia alikuwepo. Si unajua aliuza kila kitu akisema uhuru ukija hataki kuwa hapa? Siku ile aliniambia bila magunia ya chakula kutoka kampuni yake, wanyama hawamalizi mwezi. Leo amewakuta wamenona mpaka macho yamezama. Akawaambia watu hiyo ni damu ya Ulaya inafanya kazi. Bwana shamba akamwuliza mbona damu hiyo ilikuwa imelala walipokuwa kwake.

HAMDUN: [anacheka] Akajibu nini?

ELKANA: Akasema jua ni kali, akaenda kutafuta kivuli. Basi bwana shamba akanivuta mbele, akanipa kile chombo cha kupaza sauti. Akasema, Elkana, waeleze wananchi unawalisha nini. Na mimi, mzee, sikujua ubaya. Nikaeleza. Mihogo ya kuchemsha, kwa sababu ile michungu ikiwa mibichi inaua. Majani ya viazi vitamu. Papai zilizopondeka sokoni. Machicha ya nazi kutoka hotelini, lakini ya siku hiyo hiyo, yakichacha yanawaharisha. Vichwa vya samaki kidogo, vimechemshwa. Halafu –

HAMDUN: Elkana.

ELKANA: Halafu nikasema mashudu.

HAMDUN: Mashudu ni neno tu. Mashudu yako kila mahali.

ELKANA: Akauliza ya nani.

HAMDUN: [kimya]

ELKANA: Mzee? Haloo? Laini imekatika?

HAMDUN: Haijakatika. Natamani ingekatika. Ukamjibu?

ELKANA: Nilijaribu kukohoa. Lakini karani wake, yule Mapenzi, anakujua. Akamnong'oneza. Bwana shamba akachukua chombo, akasema kwa sauti ya kufika Miritini, tumshukuru Bwana Hamdun mwenye kinu cha mafuta Kisauni, kwa maana hawa nguruw –

HAMDUN: Ng'ombe.

ELKANA: – kwa maana hawa wanyama wamejengwa na mashudu yake. Watu wakapiga makofi.

HAMDUN: Ya Rabbi. Akina Hamdun Kisauni ni wengi.

ELKANA: Wenye kinu?

HAMDUN: Ni mimi peke yangu.

ELKANA: Tena akapitisha kiganja cha mashudu, watu wanuse. Wakasema yananukia, ungeweza kuyala mwenyewe.

HAMDUN: Walisema yananukia?

ELKANA: Wote.

HAMDUN: Ni kwa sababu mbata naianika mwenyewe, sianikiwi. Lakini tuyaache hayo. Elkana, Ijumaa nyumbani kwangu kuna nini?

ELKANA: Posa ya Zubeida.

HAMDUN: Inatoka kwa nani?

ELKANA: Kwa Bwana Aqil wa Likoni. Kwa kijana wake.

HAMDUN: Wamjua Aqil wewe? Alimhama muuza duka wake wa miaka na miaka kwa kuwa aliona kopo rafuni lina picha ya mnyama yule. Kopo lenyewe la zamani, mwenye duka amelitia misumari tu. Aqil akarudisha mpaka sukari aliyokwisha kupimiwa. Mtu huyo ndiye aje kwangu Ijumaa anywe kahawa. Na binti yangu ameshapaka hina ya majaribio mara mbili, mamake amekwisha – [mbali na simu] Ndiyo, mama Zubeida, ni mtu wa ng'ombe. La, hakuna aliyekufa. Nakuja. [kwenye simu] Heri moja tu, huyo Aqil haendi kwenye maonyesho.

ELKANA: Mzee.

HAMDUN: Usiniambie.

ELKANA: Alikuwepo. Alileta mchele wake. Walimketisha mstari wa mbele kabisa, na joho lake.

HAMDUN: Mstari wa mbele!

ELKANA: Ndiyo sababu nikasema uketi.

HAMDUN: Mwenzangu, mimi sina binti mwingine. Huyu ndiye niliyejaaliwa na Mungu. Naye hataki mtu mwingine ila kijana huyo, na mimi nimekaa hapa nikikamua nazi mpaka nimeikamua na harusi ya mwanangu. Nitamwambia nini?

ELKANA: Ngoja, sijamaliza. Watu walipotawanyika nilibaki nyuma ya banda nikiwamwagia maji. Nikaona joho linakuja. Nikadhani amekuja kunitukana, nikawaza nimwambie wewe hujui kitu, kwamba nilikuambia ni ng'ombe.

HAMDUN: Ulinambia ni ng'ombe.

ELKANA: Hapana, wewe ndiye uliyeniambia.

HAMDUN: Endelea.

ELKANA: Akasimama mbali kidogo, ameshika joho lisiguse ukingo wa banda. Akatazama. Muda mrefu. Halafu akaniuliza ile habari ya machicha, kwamba ni kweli yakichacha yanaharisha. Nikamwambia kweli. Akauliza mihogo inachemshwa kiasi gani. Nikaeleza. Akatazama huku na huku. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama wanakula pumba za mpunga.

HAMDUN: Aqil?

ELKANA: Yeye mwenyewe. Anasema kinuni kwake Likoni pumba zimejaa mpaka mlangoni. Akizichoma, majirani wanakohoa na kumshtaki. Nikamwambia wanakula, zikichanganywa. Akasema basi nitume lori. Lije alfajiri, kabla ya adhana.

HAMDUN: Na hakuona ni wanyama gani?

ELKANA: Hata mimi nilitaka kujua. Nikamwuliza, kwa heshima, Bwana Aqil, si umewaona hawa? Akanitazama usoni, akasema, "Nimewaona. Ng'ombe wafupi. Wafupi sana, lakini wana afya."

HAMDUN: [anacheka, anakohoa, anacheka tena] Ng'ombe wafupi.

ELKANA: Nami nikasema ndiyo, ni wa kimo hicho.

HAMDUN: Na mimi? Alinitaja?

ELKANA: Akasema mtu mwenye mashudu safi namna ile hawezi kuwa na nyumba chafu. Akasema Ijumaa wanakuja wote, na shangazi zake.

HAMDUN: Alhamdulillahi. Alhamdulillahi rabbil alamin. Ngoja nipumue. Elkana.

ELKANA: Naam.

HAMDUN: Hizo pumba zake... hutazichukua nyingi?

ELKANA: Mzee?

HAMDUN: Nauliza tu. Nisije nikamwoza mwanangu kwa mtu anayeninyang'anya mteja.

ELKANA: Pumba zinajaza tumbo tu, mzee. Nyama inajengwa na mashudu. Nitahitaji yote mawili.

HAMDUN: Hilo ulimwambia?

ELKANA: Nilimwambia.

HAMDUN: Umefanya vyema. Ndipo ajue mashudu ni mashudu. Basi, harusi ikiwadia uje wewe na Nduku. Nakualika kwa kinywa changu. Ila, nisikilize, usije ukakaa karibu nami. Watu washasikia jina langu huko. Kaa upande wa Aqil.

ELKANA: [kimya]

HAMDUN: Haloo?

ELKANA: Nipo. Ni kwamba Bwana Aqil naye amenialika.

HAMDUN: Vizuri basi.

ELKANA: Amesema nikae upande wako. Nisionekane karibu naye, watu wasije wakadhani mimi na yeye tunajuana.

HAMDUN: Kumbe naye!

ELKANA: Nduku ameshashona gauni, mzee, tangu aliposikia habari ya posa. Ataniuliza tutakaa wapi. Sijui nimwambie nini. [mlio wa simu] Senti zangu zimefika mwisho. Basi, usijali, tunaweza kupita siku nyingine tumpe bibi arusi mkono. Msalimie mama Zube –

[laini inakatika]

HAMDUN: Elkana? Haloo? Nawe usiseme hivyo, bwana. Keti nami. Keti nami pale mbele, wewe na mkeo, na atakayeuliza aulize. Haloo? Elkana, umenisikia?