Kitanda cha Arusi Kilichopima Mbanano

Mwisho wa mwezi huu wa Juni, mwaka 1906, Mzee Dhadho, msimamizi wa usafi wa kivuko chetu karibu na Chara, anastaafu baada ya miaka kumi na mitano ya kazi. Nimeombwa niandike maneno ya kumuaga, nami nimefurahi kupita kiasi. Mniwie radhi: nimeoa juzijuzi, na siku hizi hata tope la mto naliona zuri.

Alipoanza kazi, kivukoni palikuwa na vibanda vichache vya wapiga kasia. Kisha sotoka, tauni ya mifugo, ikamaliza ng'ombe wa Waorma, na wafugaji wakashuka mtoni mikono mitupu. Mto nao ukahama, ukameza mashamba ya Wapokomo. Wengine walitoka kwa mabwana wa pwani, wameachwa huru bila jembe wala kiwanja. Wote walifuata vibarua vya kupakua mitumbwi, wakajenga papo hapo, mpaka paa la huyu likalalia paa la yule. Mtaa ukaitwa Mbanano. Maji ya kunywa yalichotwa karibu na pale watu walipojisaidia, na homa za tumbo hazikwisha.

Ndipo moto wa jikoni ukateketeza upande mzima, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kupita na ndoo. Mkubwa wa serikali wa wakati huo akatoa amri: vichochoro vipanuliwe kabla ya mvua, la sivyo Mbanano yote itabomolewa na watu watafute pa kwenda.

Dhadho alitaka kila njia ipitishe watu wanne wenye mzigo. Basi akaazima jeneza la msikiti, akawapa wanaume wanne, wakaanza kupita nalo. Likikwama, ukuta usogezwe. Hesabu yake ilikuwa sawa, lakini kina mama walipiga mayowe, na wazee wakatoka kumsalia maiti asiyekuwapo. Wako, mfugaji ambaye kibanda chake kilikaa katikati kabisa ya njia, alisimama na fimbo.

"Dhadho! Sotoka imeshindwa kunimaliza, sasa wewe ndiye umekuja kunichukua vipimo?"

Aliyeiokoa kazi ni Mwanaarusi, mkunga wa mtaa. Alicheka mpaka akaketi chini.

"Kaka Dhadho, unawapelekea watu kifo mlangoni, halafu wataka wakukaribishe? Rudisha kitu hicho. Beba kitanda cha arusi. Upana si ule ule?"

Ulikuwa ule ule. Kesho yake kitanda kikapita kimefunikwa nguo nyekundu, Mwanaarusi mbele na vigelegele. Kilipokwama, walisimama wakaimba mpaka mwenye nyumba akaona haya kuizuia arusi, akausogeza ukuta wake. Wako peke yake ndiye aliyegoma. Dhadho akamwuliza jambo moja tu: huyu Barwako, binti yako mdogo anayetuchungulia mlangoni, siku yake ikifika, kitanda chake kitapita wapi? Jioni ile Wako aling'oa fito za kibanda chake kwa mikono yake, akajenga nyuma, kwenye kiwanja alichotafutiwa na Dhadho.

Mvua zilikuta njia ziko wazi. Hakuna aliyefukuzwa. Baadaye Dhadho aliwahimiza watu wakachimba visima upande wa juu, na vyoo vikahamishiwa mbali, upande wa chini. Moto ulipozuka tena, ndoo zilipita, na mtaa ukasalimika. Kazi haijaisha: watu wanazidi kuja, na mto ukifurika nyumba za bondeni bado zinaingia maji. Uledi, anayeipokea kazi, ameshaonyeshwa jinsi ya kupima kwa kitanda.

Mwezi uliopita kitanda kilibebwa tena, safari hii si kwa kupima. Kilikuwa changu na Barwako, ua la moyo wangu. Baba mkwe Wako alitangulia, akiwafokea wabebaji wasimgongee mtu ukuta. Hakikugusa popote. Mzee Dhadho alisimama kwenye kona ya mwisho, akitazama miguu ya kitanda. Mzee hakumwona kabisa bibi arusi.

Mzee wetu, nenda kijijini Hewani ukalime shamba lako pamoja na mkeo, Bi Mashavu. Tunakushukuru kwa nyumba zetu, ambazo bado zimesimama. Mto ukuachie ukingo wako, na maisha unayoyaanza yawe mapana, usikwame popote.