Pikipiki Zilizosukumwa kwa Ajili ya Koplo Hruska

Ndugu zangu, kabla sijamsalimu yeyote, nawasihi: hata neno moja la nitakayosema lisitoke nje ya ukumbi huu mpaka Jumatatu saa mbili asubuhi, nitakapokuwa nimemweleza mkuu wangu wa kazi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kaunti, Mchungaji Tillman, viongozi wa chama cha waendesha pikipiki wanaosindikiza mazishi ya askari, mliotoka makao makuu Lincoln, Mama Lorna Hruska, Mzee Verlin Stroud, ambaye leo tunamuaga anapostaafu misafara, ndugu waendesha pikipiki, mabibi na mabwana.

Mimi ni karani tu wa ofisi ya askari wastaafu. Nimeombwa nimsifu Mzee Verlin kwa dakika tano. Nitamsifuje bila kusema kweli?

Ndugu waendesha pikipiki, mnaijua sheria yenu: hamwendi kumsindikiza askari yeyote kaburini msipoitwa na familia. Machi mwaka juzi, Koplo Wade Hruska aliporudishwa kutoka vitani ndani ya jeneza, kazi ya kumpigia mama yake simu, kumuuliza kama anawaita, ilikuwa yangu. Nilipiga mara kumi na moja. Kila mara ilijibu mashine, na sauti iliyorekodiwa ilikuwa ya Wade mwenyewe: "Hatupo, acha ujumbe. Mama, kama ni wewe, mbwa ameshakula, asikudanganye." Ningeachaje ujumbe baada ya sauti ile? Nilikata simu. Kisha kwenye fomu, penye swali kama familia imeita, nikaandika: ndiyo.

Mzee Verlin akanipigia. "Binti, mama mtu katuita kweli?"

"Kawaita."

"Basi tunakwenda, hata ikinyesha mawe."

Ilinyesha theluji ya majimaji. Pale uwanja wa ndege mlisimama watu mia moja na arobaini, bendera mikononi, maji yakichuruzika kwenye ndevu. Mama Lorna akashuka garini. "Nani kawaita hawa watu?"

Nilikuwa hatua tatu nyuma yake. Nikarudi nyuma hatua moja zaidi. Mzee Verlin alinitazama mara moja tu, akavua kofia.

"Ni mimi, mama. Hakuna mwingine."

"Basi ondokeni. Sitaki ngurumo juu ya mwanangu."

"Hutasikia hata moja."

Je, kuna aliyenung'unika? Mlikunja bendera, mkazisukuma pikipiki zile nzito bila kuwasha, mmoja nyuma ya mwenzake, robo maili ya tope hadi barabara kuu, na kila aliyelipita gari la jeneza aliinamisha kichwa. Nilisikia viatu na pumzi tu. Tangu nizaliwe sijaona kitu kama kile, na mpaka leo sijui nikiite nini.

Ndipo Mama Lorna akamwona Bwana Orrin Pell, mwenye mguu wa bandia, akiteleza kwa mara ya pili. Akamkimbilia.

"Wewe mzee, ukifia hapa nitazika wangapi wiki hii? Washa!"

"Mama, tumekuahidi kimya."

"Na mimi nasema washeni, wote! Wade mwenyewe alikuwa na makelele kuliko nyinyi."

Maili sitini na mbili mlimsindikiza, na wakulima wakashuka kwenye matrekta wakasimama kwenye theluji, kofia vifuani.

Baadaye Lincoln iliuliza nani alivunja sheria. Mzee Verlin akasema tena, "Ni mimi." Akavuliwa beji ya kuongoza msafara, na kwa miaka miwili amepanda mkiani, akila moshi wa watu aliowafundisha. Hakunitaja. Hakuniuliza hata kwa nini.

Viongozi wa Lincoln, fomu ile ninayo hapa. Mwandiko ni wangu. Naomba asitoke humu leo bila beji yake. Mama Lorna, wewe ndiye niliyekukosea kwanza. Nisamehe.

Baada ya Jumatatu huenda meza yangu ikawa ya mtu mwingine. Anayenitaka, hata kwa hasira, asipige simu ya ofisi. Nipo kwa shangazi yangu, Mtaa wa Tano, nyumba ya pili baada ya ghala la mahindi. Mlango wa mbele umekwama. Zunguka nyuma, gonga kwa nguvu, shangazi hasikii vizuri. Mzee Verlin, ukija wewe, nitafungua mimi mwenyewe.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza hadi mwisho.