Cedric Ormerod na Dirisha la Kikombe

Baada ya miaka thelathini na moja katika Idara ya Usanifu Majengo ya Halmashauri ya Ellerthwaite, Bwana Cedric Ormerod anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Septemba 1979. Mapaa aliyoyachora bado yanavuja.

Alijiunga nasi mwaka 1948, kijana mwembamba aliyeamini kwamba paa la mteremko ni ushamba. Akatujengea shule mbili, kituo cha zimamoto na maktaba, majengo yote yakiwa na mapaa bapa, katika mji ambao mvua haijui kupumzika. Bi Enid Clegg, mkutubi wetu, amepanga ndoo kati ya rafu tangu siku ya ufunguzi. Akikutana na Cedric sokoni hamsalimii, humuuliza tu, "We Ormerod, mwavuli wa maktaba utaniletea lini?"

Fahari ya maktaba ile ni dirisha la duara katika ukuta wa magharibi. Kwa miaka mingi Cedric amelitolea mihadhara: eti ni mwezi, eti ni jicho la elimu. Sisi wa chumba cha ramani tulikuwa tukivunjika mbavu. Tulijua ukweli: aliweka kikombe cha chai juu ya ramani ya maktaba, kikaacha alama ya duara, na mafundi, watu watiifu, wakaijenga.

Mwaka huu halmashauri ilitaka kuibomoa maktaba ipate maegesho ya magari. Tumaini pekee lilikuwa Bi Pargeter, mkaguzi wa majengo ya kuhifadhiwa kutoka London. Akasimama chini ya dirisha, akauliza maana yake. Tukasubiri ile hadithi yake ya mwezi. Cedric akaziangalia ndoo za Enid, uongo ukamshinda.

"Ni chai, mama. Niliweka kikombe vibaya."

Tukajua maktaba imekwenda. Bi Clegg akadakia, "Chai au si chai, jua la alasiri linaingia hapo! Wazee wangu wanaokuja kusoma wanagombania kiti cha hapo chini yake. Ukibomoa, uwachukue ukae nao kwako!"

Bi Pargeter alicheka hadi akaketi kwenye kiti chenyewe, na hakuinuka upesi. Wiki iliyopita uamuzi ulitoka: maktaba inalindwa na sheria, na hakuna kitakachobadilishwa, hata paa. Bi Clegg ameagiza ndoo mpya.

Cedric, tunakupenda, na hili si utani. Asante kwa kazi yako, na kwa kusema kweli siku ile. Tunakutakia mapumziko mema nyumbani kwako Mtaa wa Kinu, katika nyumba ambayo, tumepita kuikagua, ina paa la mteremko.