Maji kwa Ghorofa ya Sita

Vuteni viti, Aleem na Zeena, mniinulie mto. Na ukitaka kunijibu kwa Kiingereza, Zeena, jibu, mradi umesikia. Leo nina furaha, wanangu, moyo unanirukaruka, maana kesho fundi anakuja kujaza upya mabomba ya joto ya jengo letu la hapa mtaa wa Jane na Finch, na hatimaye najua kinachotakiwa kuingia humo.

Ninyi mnataka glikoli, ile dawa ya kuzuia maji yasigande. Nami nilitaka hivyo mwaka 2004. Nilikuwa mtu wa malori tangu Mwanza, nikadhani jengo nalo ni lori lisilotembea: nikamimina madumu ya dawa ya rejeta za magari, kwa mikono yangu, kwa majivuno. Dawa ile ya magari ikawa nzito kama uji mabombani, pampu ikaelemewa, joto likaishia ghorofa ya nne. Otilia wa ghorofa ya sita alipolalamika, nilikwisha kujua kosa ni langu, nikamwambia mbele za watu kwamba anaacha madirisha wazi. Miaka tisa mama yule analala na koti. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nataka kukiwahi.

Basi shikeni: dawa yote itolewe, fundi aende nayo, ni sumu, mabomba yasafishwe, yatiwe maji na dawa kidogo ya kutu. Maji hubeba joto zaidi kuliko glikoli, tena ni mepesi kwa pampu! Glikoli, ile ya majengo, ibaki kwenye bomba la kuyeyusha theluji mlangoni mwa gereji, lenye mzunguko wake peke yake, ipimwe kila mwaka. Najua, Aleem, unaogopa boila ya kupashia maji izimike Januari, maji yagande mabombani. Wekeni kengele na mtu wa zamu. Msimgandishe mtu kila siku kwa kuogopa siku moja.

Maji yakishazunguka, pandeni wenyewe kwa Otilia, msitume mtu. Gusa hita yake, Zeena, uhakikishe inachoma. Kisha mwambieni Otilia... nipe maji kidogo... mwambieni kwamba baba yenu, Rahemtulla, alimsingizia, na alijua. Wasikie na majirani. Msigombane, wanangu. Mungu awape afya, awape watoto wa kuwakosoa... Na akikataa kunisamehe, msimbembeleze. Joto ni haki yake hata hivyo.